Vuta N'kuvute: kilichotuchosha ni mtihani, sio Yasmin

Nipo likizo nyumbani Mazwi, na baridi la Ufipa mnalijua: saa moja jioni kila mtu yuko ndani na simu yake. Huyu anaangalia tamthilia ya Kituruki, yule ya Kikorea, mwingine anasoma simulizi ya vipande vipande inayokatika pale utamu unapokolea, halafu anaambiwa atume hela apate sehemu ya pili. Kwa hiyo msiniambie vijana hawapendi hadithi za mapenzi. Wanazipenda sana. Wanachokikimbia ni kitabu.

Ukiwatajia Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ndio kabisa, waliosoma Kiswahili kidato cha 5 na 6 wananuna. Nawaelewa. Wengi walikutana nayo kama orodha ya kukariri: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mtihani ukiisha, kitabu kinatupwa kwenye sanduku. Mimi nasema kilichowachosha ni mtihani, sio hadithi.

Hebu tuweke mtihani pembeni. Ni Unguja, miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozeshwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanamume wa miaka 52. Anamkimbia. Ndugu zake hawamtaki tena, na anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo. Ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa kikoloni hawampi usingizi kwa sababu ya harakati za uhuru. Mapenzi yanaanzia hapo. Mwisho siwaambii ng'o!

Wapo watakaosema mapenzi ya zamani hayatuhusu. Jamani! Miaka 15 ya Yasmin ndio umri ambao Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa Tanzania kuolewa, mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hiyo ni juzi tu. Wangapi kati yetu tuliosoma huku tunakumbuka binti aliyeacha dawati wazi katikati ya muhula, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi? Na ukileta nyumbani mchumba wa kabila lingine, si wazee bado wanaanza na swali la "kwao wapi"? Yasmin aliulizwa hayo kabla yako, tena kwa ukali zaidi.

Wengine wanasema kitabu kina siasa mno. Mimi naona hapo ndipo penye utamu. Kwenye tamthilia, shida ya msichana inaisha akitokea mtoto wa tajiri. Denge hana kitu, na moyo wake ameshaugawa nusu kwa nchi. Je, utampenda mtu ambaye hujui kama kesho atakuwa uraiani au jela? Utamwambia aache harakati kwa ajili yako? Na akiacha, bado atakuwa yule uliyempenda? Hilo swali halina umri, na mwandishi hakutafunii jibu.

Kuhusu lugha, sikatai, Kiunguja kitatupiga chenga sisi watu wa bara hapa na pale. Neno likikushinda, ruka, endelea. Si ndivyo unavyofanya kwenye Kikorea? Na ukisema utaangalia filamu tu, ipo kweli, ya Amil Shivji ya mwaka 2021, hadi Toronto ilionyeshwa. Iangalie, ila filamu ya saa chache haiwezi kubeba yote yanayopita kichwani mwa Yasmin.

Basi ombi langu ni dogo. Kitafute kwenye sanduku la kaka au dada yako, bila kalamu, bila kuandika dhamira. Soma kurasa 30 tu za mwanzo. Kama hutataka kujua huyo binti kaishia wapi, kirudishe, uje unidai soda hapa sokoni.

Naomba kuwasilisha.