Ntiro Alijua Alichokuwa Akifanya

Ukitaja Bagamoyo na sanaa, wengi wanawaza Pwani, kwenye chuo cha sanaa. Mimi nipo Bagamoyo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, katikati ya migomba, na ni migomba hii iliyonifanya nikatae yanayosemwa juu ya mchoraji Sam Joseph Ntiro.

Wanasema alichora kitoto kwa sababu hakujua: watu wake bapa, hawana vivuli, nyuso zafanana. Huyu alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London, kuanzia 1952 hadi 1955. Akarudi, akaendelea kuchora watu wale wale bapa. Mtu aliyefunzwa Slade kisha akaviacha vivuli, amechagua. Tena tuviache hivyo vyuo. Ingia mgombani hapa asubuhi ya Aprili, mvua ikisita. Mwanga unachujwa na majani yaliyochanwachanwa na upepo; kivuli hukioni, kijani kimekuzingira pande zote, na akina mama wanaopita na mikungu kichwani unawatambua kwa mwendo kabla ya sura. Machame nako ni kwa mgomba na mvua. Ntiro alichora alichokiona.

Wanasema pia kwamba alikuwa balozi, na brashi ilikuwa ya kujiburudisha. Ubalozi wa London ulikuwa wa 1961 hadi 1964 tu. Darasani alikaa miaka mingi zaidi, Makerere na baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Marekani wanamheshimu David Driskell, mchoraji na profesa, aliyeandaa Los Angeles mwaka 1976 maonyesho ya karne mbili za sanaa ya Wamarekani weusi. Kwa nini sisi msomi akishika brashi tumshushe cheo?

La mwisho, eti hana uhusiano na historia ya sanaa hiyo ya Wamarekani weusi. Anao. Harmon Foundation ya New York, iliyowatuza wachoraji weusi wa kule tangu miaka ya 1920, ndiyo hiyo hiyo iliyomtangaza Ntiro Marekani. Na mchoro wake wa 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, unahifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York.

Walimu wa Rungwe, waonyesheni watoto mchoro huo, kisha watoeni nje wautazame mgomba.