Kubadili kipuri bila kupima ni kuteka maji kwa pakacha

Mchana wa jua kali, katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, karibu na makutano ya Mtaa wa Uhuru, gari la zamani huzimika ghafla. Taa zinawaka, honi inalia, stata inazungusha injini, lakini cheche hakuna. Baada ya nusu saa, injini ikishapoa, gari huwaka tena kana kwamba halikuwa na kasoro yoyote. Wiki hiyo hiyo fundi wa Gerezani hubadili ignaita, yaani kile kisanduku kidogo cha elektroniki kinachokata na kuunganisha umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Mwenye gari hulipa, hushukuru na kuondoka. Miezi miwili baadaye amerudi pale pale, na ignaita ya pili imekufa.

Hapo ndipo lawama huanza. Fundi humlaumu mwenye duka, mwenye duka humlaumu aliyeleta mzigo, na mwenye gari huwalaumu wote wawili. Ni kweli kwamba vipuri bandia vipo Kariakoo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo. Anayebandika jina la kiwanda cha Japani juu ya kitu kisichotoka huko ni mwizi, na anastahili kushughulikiwa kama mwizi. Lakini ukweli mmoja hausemwi: hata ignaita halisi, iliyonunuliwa kwa bei yake halisi, itakufa ikifungwa katika gari lile lile lenye kasoro ile ile. Kumsingizia muuzaji kwa kila kifo cha kipuri ni kuuficha uzembe wa gereji.

Adui wa kwanza wa kifaa hiki ni joto. Joto lake hutoka kwa kupitia bati la chini na kuingia katika chuma kinachokishika. Chuma hicho kikiwa na kutu au uchafu, au skrubu zikilegea, joto hubaki ndani na kukiunguza. Ignaita zinazohitaji grisi maalumu ya kupitisha joto zikifungwa kavu, maisha yake huwa mafupi. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2000 jaji wa California, Marekani, aliiamuru kampuni ya Ford iyarudishe magari zaidi ya milioni moja kwa ajili ya kifaa cha aina hii, kilichokuwa kimefungwa kwenye distributa penye joto kali. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2001. Ikiwa joto liliwashinda waliolibuni gari, fundi wa Dar es Salaam ana haki gani ya kulipuuza?

Adui wa pili ni majirani wabovu. Koili iliyoanza kuungana ndani kwa ndani huivutia ignaita umeme mwingi kupita kiasi. Koili ya mfumo wa pointi mara nyingi huwa na ukinzani wa karibu omu 3 au nusu yake, na ya mfumo wa elektroniki huweza kuwa chini ya omu 1. Anayezichanganya kwa kuwa tu zinafanana kwa umbo anakichimbia kaburi kifaa kipya. Plagi zilizolika na waya zake zilizopasuka nazo huulazimisha mfumo kupandisha nguvu kubwa zaidi ili cheche iruke. Alteneta yenye afya huchaji kati ya volti 13.8 na 14.5, ikizidi 15, vifaa vyote vya elektroniki vimo hatarini. Tena katika mji huu wa pwani, hewa ya chumvi hula viungo vya waya wa ethi polepole, bila mtu kuona.

Adui wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, kwa maana ana mikono na akili. Wapo mafundi wanaochomoa waya wa plagi injini ikiunguruma, ati wanatazama moto. Umeme ukikosa njia hupanda mno, na hutafuta pa kupenya kwenye koili au ignaita yenyewe. Wapo pia wanaochomoa betri injini ikiwaka ili kuijaribu alteneta, na kwa tendo hilo hurusha wimbi la umeme ndani ya gari zima. Desturi hizi ni urithi wa enzi za pointi, zilizosuguliwa kwa msasa zikafanya kazi tena. Viwanda vilianza kuziacha pointi katika miaka ya 1970. Magari yamebadilika, mazoea hayajabadilika, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Mwalimu hampi mwanafunzi alama zote kwa jibu lisiloonyesha njia. Mtumishi wa umma makini haidhinishi malipo yasiyo na hati. Kwa nini basi watu hao hao wakifika gereji huridhika na neno moja tu, “imeungua”? Imeunguzwa na nini? Hilo ndilo swali ambalo fundi hana budi kulijibu kabla ya kutumwa mtu dukani. Apime koili, plagi na waya zake, ethi, na chaji ya alteneta. Asafishe mahali pa kufungia. Kisha amkabidhi mwenye gari kipuri kilichokufa pamoja na vipimo vilivyoandikwa. Mita ya umeme inauzwa Kariakoo humo humo. Fundi asiyekuwa nayo anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha za mwingine.

Kila ignaita hununuliwa ng’ambo kwa fedha za kigeni, na kila inayoteketezwa kwa uzembe ni karo au posho ya nyumba iliyotupwa jalalani. Lililo kubwa zaidi ni kwamba gari linalozimika katikati ya barabara, basi likiwa nyuma yake, haliulizi bei ya kipuri. Fundi anayebadili bila kupima hajatengeneza gari; ameahirisha ajali.