Wauza Vipuri wa Kisumu na Injini ya Marehemu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia karo, mahari, mapishi na maradhi ya watoto. Wiki hii nawaomba mnivumilie niwaingize gereji. Nyumba nyingi za jamaa zetu, huku pwani na huko bara, zina pikipiki kuukuu iliyofunikwa gunia uani. Mwenyewe ama ametangulia mbele ya haki, ama miguu haimbebi tena, na uamuzi umebaki kwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumweleza lolote kuhusu chombo hicho. Bei ya mchele anaijua hadi shilingi ya mwisho. Bei ya pistoni haijui, na wapo watu ambao riziki yao ni kutojua kwake huko.

Kisa nikijuacho vyema ni cha shangazi yangu, aliyeolewa Kisumu zaidi ya miaka arubaini iliyopita. Mumewe, Mungu amrehemu, aliacha Honda CG125 aliyoinunua mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiipanda alfajiri kwenda Dunga kupokea samaki mitumbwi inapoegesha. Baada ya kufariki kwake ilisimama miaka minne. Kitinda mimba wake alipomaliza chuo na kazi isipatikane, akaomba ifufuliwe ili awapelekee samaki wateja wa mjini. Akiba yote ya shangazi, iliyotoka katika chama cha akina mama, ilikuwa shilingi 18,000. Kabla ya kugusa hata skrubu moja, aliwakalisha watoto wake wote, kwa kuwa pikipiki ile ni mali ya mirathi na haikuwa halali mmoja wao aifaidi bila ridhaa ya wenzake. Walikubaliana, wakaandika. Mengi yaliyofuata yangekuwa machungu zaidi lau kikao hicho hakikufanyika.

Shauri la kwanza lilitoka kwa shemeji yake: itupwe injini ile, inunuliwe nzima ya Kichina, ifungwe kwa siku moja. Ni shauri lenye mantiki, nami simlaumu aliyelitoa. Lakini injini ina nambari, na nambari hiyo imeandikwa katika logbuku. Ukiibadilisha injini bila kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Barabarani, yaani NTSA, umejitengenezea kesi ya kumalizana na polisi katika kila kizuizi. Na logbuku ya shangazi ilikuwa bado katika jina la marehemu, jambo ambalo peke yake lilihitaji safari za Mahakama ya Kadhi. Kuongeza juu yake nambari isiyolingana kungekuwa kutafuta balaa kwa pesa.

Sababu ya pili ni injini yenyewe. Honda walianza kuiuza CG125 mwaka wa 1976, wakizikusudia nchi ambazo barabara ni mbovu na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Vali zake husukumwa na fito mbili za chuma badala ya kuendeshwa kwa mnyororo wa ndani, ambao ukilegea bila kurekebishwa huleta hasara. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5, na pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5. Viwanda vya China viliuiga muundo huo kwa wingi, na huko Pakistan injini ya ukoo huo imeendelea kuundwa kwa miongo mingi. Bodaboda yenyewe, kama wajuavyo wengi, ilizaliwa huko huko magharibi, kwa baiskeli za mpaka wa Busia. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo na biashara hiyo ikafurika, wajukuu wa injini ile ya zamani wakajaa Kondele na kila kituo cha mji.

Hapo ndipo faida na mtego vilipo pamoja. Faida ni kuwa pikipiki iliyopita umri wa miaka arubaini haikosi vipuri, kinyume na magari mengi ya rika lake. Mtego ni neno moja wanalolipenda wauzaji: "Ipo." Ukiuliza pistoni ya CG, ipo. Ukiuliza ya Honda halisi, ipo pia, na mara nyingi ni ile ile katika sanduku jingine. Nakala za China hazikufanana zote. Kuna pistoni zenye upana sawa ambazo urefu wake kutoka tundu la pini hadi utosini unatofautiana, na tofauti ya milimita moja hapo ni kubwa. Upande wa umeme hali ni mbaya zaidi: Honda za mwanzo zilitumia volti 6 na platini, nakala nyingi hutumia volti 12 na platini hazina kabisa. Muuzaji anayekuambia vyote vinaingiliana, ama hajui ama anajua vizuri sana.

Sasa tuje kwenye injini. Dalili zilikuwa mbili: moshi wa buluu, yaani oili inaungua, na teke la kuwashia lililokuwa jepesi kama la baiskeli, yaani mgandamizo umekwisha. Fundi wa kwanza aliitazama, akamwambia shangazi, "Mama, nipe shilingi elfu mbili nikaichukulie pistoni na ringi." Akazipeleka kwenye duka moja kubwa la mjini, akarudi na seti ya ukubwa wa kawaida, akaifunga jioni hiyo hiyo. Moshi haukupungua. Akasema itazoeana.

Haizoeani. Silinda iliyotumika miaka mingi hulika, na hailiki sawasawa: juu hulika kuliko chini, na duara lake huwa la yai. Ukiitia pistoni mpya ya kipimo cha kiwandani humo, ni sawa na kumvisha mtoto kofia ya babu yake. Dawa ni kuikereza silinda iwe pana kidogo na ya duara tena, kisha kutia pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa ngazi za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Ukiwa umetoka 56.5 na kuhitaji nusu milimita, utatafuta ya 57.0.

Naomba akina mama washike utaratibu huu, kwa maana hapa ndipo pesa hupotea. Kwanza silinda hupimwa, juu, kati na chini, na kila mahali mara mbili, mbele kwa nyuma na upande kwa upande. Vipimo huandikwa. Vikishaandikwa, hujulikana ni ngazi ipi ya pistoni itakayosafisha ulikaji wote. Pistoni hununuliwa, nayo hupimwa, kwani iliyoandikwa 57.0 si lazima iwe hivyo. Mwisho kabisa ndipo silinda hupelekwa kwa mkerezaji pamoja na pistoni ile ile, aikereze kwa kuifuata, akiacha nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Anayekereza kwanza kisha akaenda kutafuta pistoni amejifunga mwenyewe. Asipoipata ya ngazi ile atalazimika kukereza tena, na silinda haina nyama ya kukatwa daima.

Shangazi alirudi dukani na pistoni yake. Aliambiwa bidhaa ikishafungwa kwenye injini hairudishwi, na risiti yake ilisema tu "spea 1". Hakuna ukubwa, hakuna aina. Ni kweli tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na tunayo Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Lakini sheria yataka ushahidi, na "spea 1" si ushahidi wa chochote. Zile elfu mbili zilikwenda. Mimi naona kosa kubwa zaidi la duka lile halikuwa kukataa kurudisha pesa. Lilikuwa kuuza pistoni bila kuuliza silinda ina kipimo gani, kama duka la dawa linalotoa tembe bila kuuliza mgonjwa ni mtoto au mtu mzima.

Aliyemwokoa ni kijana mwenye kibanda kidogo karibu na soko la Kibuye. Shangazi alipomwambia anataka pistoni ya CG, hakusema ipo. Alisema, "Mama, injini ya mwaka gani? Nambari yake unayo? Silinda imepimwa?" Alipoona haijapimwa, alikataa kuuza. Akamwelekeza kwa mkerezaji mwenye geji ya silinda, aliyempimia na kumwandikia vipimo vyote katika karatasi ya daftari. Ngazi ya 0.25 isingetosha, ilihitajika 0.50. Kijana hakuwa nayo. Alimpigia simu mwenzake Nairobi, katika Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, na seti ikaja kwa basi baada ya siku tatu. Aliifungua mbele ya shangazi, akaipima kwa kipimio, akaipima na pini, ndipo akapokea malipo kwa M-Pesa. Juu ya risiti akaandika: pistoni CG125, 57.0, pini 15, pamoja na tarehe. Bei ilikuwa shilingi 3,200. Ghali kuliko ile ya kwanza, naam.

Kuhusu Grogan nisema neno moja. Mahali pale panapatikana karibu kila kitu, kipya na kilichotumika, na baadhi ya vilivyotumika havina historia inayoelezeka. Kipuri cha bei ya kustaajabisha, kisicho na risiti, huenda kiliibwa kwa mja mwenzio. Bora kusubiri.

Wana Kisumu, kwa hakika, wamezoea kusubiri vipuri kutoka upande wetu. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikashushwa Mombasa na kupandishwa bara kwa mabega ya wapagazi; mizigo mingine ikapotea njiani. Hatimaye iliunganishwa na kushushwa ziwani mwaka wa 1900, mwaka mmoja na zaidi kabla ya reli kufika Kisumu. Ikiwa meli nzima iliweza kucheleweshwa na vipande vilivyopotea, seti ya pistoni ya siku tatu si neno.

Kazi iliyobaki sitairefusha. Vali zilisuguliwa zikae vizuri, gasketi zikabadilishwa zote, na beringi ya konrodi ikaonekana nzima, bahati njema, kwani kuibadilisha huhitaji kulipasua tumbo la injini na kutumia mashine ya kushindilia. Ringi zilipimwa mwanya wake ndani ya silinda kabla ya kuvishwa. Shangazi alikaa kwenye kigoda muda wote, na kila kipuri cha zamani kilichotolewa alikidai. Fundi wa pili aliona ni ajabu. Lakini kipuri cha zamani mkononi mwako ndicho kithibitisho kuwa kipya kimetiwa kweli, tena ndicho cha kulinganishia siku nyingine ukiambiwa "ipo".

Kuna jambo jingine la kuwafaa wanaosafirisha pikipiki kutoka huku kwetu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutia petroli nyingi mno ikifika huko; injini hukohoa, plagi huwa nyeusi, na fundi asiye mwaminifu hupata kisingizio cha kuuza plagi tatu. Kabureta irekebishwe kwanza.

Injini iliyotiwa pistoni mpya haitakiwi kuonewa. Kijana alikatazwa kubeba abiria au kreti la samaki katika kilomita 500 za mwanzo, na akakatazwa kabisa kuupanda mlima wa Riat kuelekea Kiboswa akiwa amefungua mafuta yote. Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, ikatoka na unga wa chuma uliong'aa kama pambo, kama itakiwavyo. Alilalamika kwamba wenzake wanampita hata kwa baiskeli. Mamake alimjibu kwamba marehemu babake naye alipitwa miaka yote, na samaki walifika.

Hesabu ya mwisho ilikuwa shilingi 14,700, pamoja na zile elfu mbili zilizopotea. Tangu mwezi jana anachukua samaki Dunga na kuwapelekea wateja wachache wa Milimani na sokoni Jubilee, na kila Ijumaa analeta nyumbani sehemu waliyokubaliana ya ndugu zake, imeandikwa katika daftari lile lile lenye vipimo vya silinda. Sili ya shafti ya gia bado inatoa tone la oili usiku. Waliyoletewa kwanza ilikuwa pana kwa milimita moja. Kijana wa Kibuye ameirudisha bila ubishi, na nyingine yatoka Mombasa kwa basi la Alhamisi.