Chuma Yenye Kusamehe

Wewe kijana unayebeba mifuko kwenye golfu ya Lubumbashi, siku moja watakukopesha fimbo ujaribu. Utashika gani? Ile nyembamba inapendeza macho, lakini ukikosa katikati kidogo tu, kichwa yake inageuka, mupira unaanguka karibu. Na asubuhi ya Juni, kwa baridi ile, vidole vinauma kabisa!

Karsten Solheim, injeniere aliyezaliwa Norwe mwaka 1911, alitoa uzito katikati ya chuma, akaupeleka pembeni. Ndiyo sababu haigeuki sana ukikosea, na mupira unafika mbali hata hivyo. Lakini ukiielekeza kwa miti, mupira utaenda kwa miti tu. Mabingwa wengine wanapenda nyembamba, juu inawaambia mikono palepale walipokosa. Wewe ungali unajifunza: omba ile nene, usisikie haya.