Wageni Unao Tayari, Hela Je?

Kila muhula kuna mtu ananifuata kantini na swali lile lile: "Kaka, nifanyeje tovuti yangu ipate watu wengi?" Siku hizi namrudishia swali: hao mia mbili wanaoingia kila siku, umewafanyia nini? Wengi wananuna. Wanataka niwape siri ya Google, mimi nawauliza habari za wageni waliokwisha kukaa sebuleni.

Huo ndio msimamo wangu. Wengi wetu wenye tovuti ndogo hatuna shida ya wageni. Wageni wapo, ila tunawauzia vitu wasivyoviomba. Hela isipoonekana tunasema "traffic" haitoshi, tunaanza kuhangaika upya, na mwisho wa siku tunaangukia kwa kampuni za kubeti. Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu, nitafika.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni udalali tu. Unaandika kuhusu bidhaa ya mtu, unaweka linki yenye alama yako, msomaji akibofya na kununua, mwenye mali anakukatia kamisheni. Amazon wanafanya hivyo tangu mwaka 1996. Na sisi tuliowahi kutafuta chumba Sinza au Mabibo hatuhitaji kufundishwa dalali ni nani. Yupo anayekuzungusha vyumba sita juani, vyote nje ya bajeti yako, mradi ale hela ya kuonyeshwa. Na yupo anayekuuliza kwanza: una shilingi ngapi, unataka choo cha ndani au cha kushea, kelele za baa unaziweza? Huyo wa pili anakupeleka vyumba viwili na kimoja unakilipia.

Mimi nilianza kama yule wa kwanza. Tovuti yangu inahusu simu na laptopu za wanafunzi: ipi inaweza AutoCAD, ipi ni ya Word na muvi tu, mtumba upi usiuguse. Mwezi wa usajili wanaingia watu kama elfu sita. Nikajiunga na mpango wa soko moja kubwa la nje, nikajaza linki kila kona, hata kwenye posti ya jinsi ya kusafisha kibodi. Mwaka mzima sikuingiza hata hela ya bando. Kosa lilikuwa langu, ila ilinichukua muda kuliona.

Nililiona siku nilipofungua Google Search Console. Ni ya bure, na inakuonyesha watu waliandika maneno gani kabla ya kutua kwako. Posti niliyokuwa najivunia, ndefu, kuhusu historia ya prosesa, ilikuwa inaongoza kwa wasomaji. Lakini walikuwa wanatafuta majibu ya assignment! Mtu wa assignment hanunui kitu, ananakili aya mbili anaondoka. Chini kabisa kulikuwa na posti fupi niliyoiandika usiku mmoja nikiwa nimechoka, kuhusu laptopu za kuendesha AutoCAD chini ya laki sita. Wasomaji wake walikuwa wachache, ila maneno waliyoandika yalikuwa ya mtu aliyeshika hela mkononi: "bei", "wapi", "ipi nzuri kati ya hii na ile". Na kwenye posti hiyo sikuwa nimeweka linki hata moja. Linki zote zilikuwa kwa watu wa assignment.

Nikaanzia hapo. Ile posti nikaiandika upya, nikaweka mashine tatu tu badala ya kumi, na kila moja nikasema inamfaa nani na itamsumbua wapi. Linki moja chini ya kila mashine, pale ambapo msomaji ameshaamua. Ile ya prosesa nikaifuta linki zote, nikaacha sentensi moja tu ya kumpeleka anayetaka kununua kwenye posti ya bei. Picha nikazipunguza uzito, maana karibu wote wanasoma kwa simu na bando ni la kupima.

Bado kulikuwa na tatizo kubwa zaidi, nalo ndilo hatulisemi. Linki zetu zinampeleka msomaji mahali asipoweza kununua. Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019. Wenzetu wa Kenya bado wanayo, kwao mipango ya aina hiyo ina maana. Kwetu, unamtuma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na kadi ya benki akanunue mashine Marekani, alipe usafiri, alipe ushuru, asubiri wiki kadhaa, wakati usajili ni Jumatatu. Hata akinunua, Amazon kwa kompyuta wanatoa kama asilimia 2.5, na alama yako inaishi saa 24 tu tangu alipobofya. Akienda kuomba hela nyumbani akarudi kesho kutwa, umeshatoka kwenye hesabu. Tena viwango hivyo wanavibadilisha wao wenyewe wakitaka. Aprili 2020 walishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na kuna waliokuwa wameacha kazi kwa kutegemea hiyo 8.

Kwa hiyo nikaenda Kariakoo kwa miguu yangu. Nilizunguka maduka matano, wanne walinicheka, wa tano ni mama mmoja anayeuza laptopu za mtumba zilizokaguliwa. Tulikubaliana 15,000 kwa kila mashine itakayonunuliwa na mtu wangu, na bei yake ibaki ile ile ya kila mteja. Swali likawa tutajuaje nani ni mtu wangu, maana ugomvi wa kila dalali ni "huyo alikuja mwenyewe". WhatsApp wana njia rahisi: linki ya wa.me inaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari. Msomaji akibofya, meseji inajitokeza na jina la tovuti na aina ya mashine, yeye anabonyeza kutuma tu. Mama anaona jina langu, mimi nahesabu waliobofya, na Jumamosi tunalinganisha. Mwezi wa usajili uliofuata ziliuzwa mashine 11. Piga hesabu mwenyewe. Na wageni walikuwa wale wale elfu sita.

Juu ya posti niliandika wazi kwamba ukinunua kupitia hapa napewa kamisheni. Mshkaji mmoja aliniambia nimejimaliza. Sheria za Marekani zinalazimisha tangazo kama hilo, akasema, huku nani anakufuatilia? Hakuna anayenifuatilia, kweli. Ila mtu akinunua mbovu anajua chumba changu kilipo. Na kuna mashine moja mama alikuwa nayo nyingi, bawaba zake zinakatika baada ya miezi michache. Nikaandika hivyo hivyo. Mama alinuna wiki mbili, halafu akaacha kuileta.

Sasa kubeti. Nadhani kila mwenye tovuti ya wanafunzi ameshaipata ile meseji, nami niliipata. Kampuni, sitaitaja, ilinipa ofa nono kuliko zote nilizowahi kuona. Niliisoma mara mbili. Hawalipi kwa kila anayejiandikisha tu. Wanakupa asilimia ya kile kinachobaki kwao kutoka kwa watu uliowaleta, mwezi hadi mwezi, maadamu wanaendelea kucheza. Kinachobaki kwao ni nini? Ni mikeka iliyochanika. Mtu wangu akishinda, mimi sili. Akipoteza boom, nakula. Mteja wangu bora kabisa ni yule anayepoteza sana na hajui kuacha.

Rafiki yangu mwenye tovuti ya past papers aliikubali. Anapata zaidi yangu, sitaficha, na sehemu ya hela hiyo inamlipia mdogo wake ada. Hoja yake ni kwamba watabeti tu hata asipoweka linki, bora yeye apate. Ni hoja ya kweli nusu. Watabeti, ndiyo. Lakini aliyefungua tovuti yake saa tano usiku alikuwa anatafuta past paper ya Calculus, hakuwa anatafuta odi za Chelsea. Posho yetu ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Ukimwonyesha mtu mwenye hofu ya UE na hela ya wiki mbili kwenye simu njia ya "kuizidisha", hujamkuta anabeti. Umemfundisha wewe.

Nilimwambia hivyo, akanijibu, "Wewe una laptopu za kuuza, mimi nina past papers, nani atanunua nini kwangu?" Swali zuri, na kelele zangu hazikuwa na jibu lake. Tukakaa Jumapili nzima na Search Console yake. Posti zake kumi za juu zote ni za Hesabu na Takwimu, na wengi wanaingia wiki mbili kabla ya mtihani. Watu hao wanahitaji kikokotoo cha kisayansi kinachoruhusiwa ndani ya chumba cha mtihani, mahali pa kuprinti karatasi hizo bila kupigwa bei, na mtu wa kuwafundisha kwa kundi. Stationery mbili nje ya geti zimekubali kumkatia kwa kila kikokotoo, na mwaka wa nne mmoja anayefundisha Takwimu atamlipa kwa kila kichwa.

Tumeziweka linki hizo kwenye posti nne za juu. Kwenye zile sita nyingine bado ana bango la kubeti. Anasema ataliondoa mwezi huu hesabu zikikubali, na UE inaanza wiki ijayo.