Talaka isiyoandikwa ilimfuata hadi Ohio



Wiki hii nimeiweka kando mada ya malezi niliyokuahidi, kwa kuwa kuna jambo limenifika nyumbani kwangu mwenyewe na sioni haki kulinyamazia. Mhusika ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ameniruhusu nilisimulie kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake wala la mtu mwingine yeyote. Nimelikubali sharti hilo.

Binti huyu ni mzaliwa wa Bagamoyo. Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka 19, na kijana mvuvi wa Mlingotini. Ndoa ilifungwa na shehe mwenye leseni mbele ya mashahidi, cheti kikaandikwa, pilau ikaliwa. Lakini riziki ya kukaa pamoja haikuwapo. Haikutimia miaka mitatu, kijana akamwacha kwa talaka moja. Aliiandika kwa mkono wake kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, wazee wawili wakatia sahihi, na shehe akagonga muhuri. Binti akarudi kwao, akakaa eda mpaka ikaisha bila ya kurejewa. Kwetu sote shauri lilikuwa limekwisha. Karatasi ile ikatiwa ndani ya kasha la mama yake, chini ya khanga, ikasahauliwa.

Miaka ikapita. Binti akajiendeleza kielimu, akapata nafasi ya chuo katika jimbo la Ohio, Marekani. Huko akaposwa na kijana wa Kiislamu, raia wa nchi ile, ambaye wazazi wake ni watu wa Tanga. Shemeji yangu, aliye walii, alimwakilisha imamu wa msikiti wa huko amwozeshe binti yake kwa niaba yake. Nikahi ikafungwa, na kwa taratibu za nchi ile wakachukua pia leseni ya ndoa ya serikali. Kisha mume akamwombea mkewe ukaazi wa kudumu, ile kadi ambayo vijana wetu wanaiita "grinikadi".

Mke wa raia wa Marekani hasubiri foleni ndefu ya miaka kama wanavyosubiri ndugu wengine. Hata hivyo kuna mlango mmoja wa kupita: mume na mke huitwa pamoja katika ofisi ya uhamiaji, wakaketi mbele ya ofisa, naye akapima kama ndoa yao ni ndoa ya kweli au ni ya makaratasi tu.

Siku yao ilipofika, miadi ilikuwa saa tatu asubuhi ya kule, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi alasiri. Tulikuwa tumetoka kuswali. Dada yangu alikaa barazani na tasbihi mkononi, simu mapajani. Kabla ya Magharibi simu ikalia, na kwa namna binti alivyotoa salamu tu, tukajua kuwa mambo hayakwenda sawa.

Alitusimulia kuwa kwanza waliinua mkono wa kulia, wakaapa kusema kweli. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mbele yake jalada nene. Aliwauliza walikutana wapi, nani walihudhuria harusi, mama mkwe anakaa wapi, nani hutangulia kuamka, kodi ya nyumba hulipwa lini. Aliutazama mkataba wa nyumba wenye majina yao wawili, akaunti yao ya benki ya pamoja, na picha za siku za Idi. Hawakubabaika, kwani mtu habahatishi habari za nyumba anayolala. Ndipo ofisa akafunua ukurasa mwingine, akasema: "Umeandika kuwa uliwahi kuolewa Tanzania. Iko wapi amri ya mahakama iliyoivunja ndoa hiyo?"

Binti akatoa tafsiri ya ile karatasi ya daftari. Ofisa akaisoma taratibu, kisha akauliza kama sheria ya Tanzania inaitambua karatasi hiyo kuwa imevunja ndoa. Hakuwa na jibu. Siku hiyo kadi haikutoka. Baada ya muda ikaja barua ya kutaka ushahidi, nayo imewekewa ukomo wa siku.

Ndugu msomaji, hapa ndipo shetani alipobisha hodi. Kuna bwana mmoja jijini Dar es Salaam anayejinadi kuwa ni mjuzi wa "kuandaa makaratasi". Alimwambia dada yangu maneno mawili. La kwanza, kwamba binti alikosa tangu mwanzo. Angeandika kuwa hajawahi kuolewa, na nani angejua? La pili, kwamba bado hajachelewa. Yeye anaweza kumpatia hukumu ya mahakama yenye tarehe ya nyuma, kwa bei ya maelewano. Dada yangu ni mama, na mama akiona mwanawe anazama hushika hata unyasi. Alinijia usiku akiniomba nimshawishi binti akubali.

Nilimpigia. Sitayasahau maneno yake. "Mjomba," alisema, "nimeinua mkono nikaapa. Nikisema sikuolewa, ile eda niliyokaa ilikuwa ya nini? Na yule aliyenioa ni mtu, tulikula naye chungu kimoja. Si kosa la kufutwa kwa kifutio." Nikanyamaza, kwa maana niliyekwenda kutoa nasaha nilikuwa nimepewa mimi.

Basi tukaitafuta sheria. Tuliyoyajua baada ya kuhangaika, nawe yakufae bila ya kuhangaika. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na inampa shehe mwenye leseni mamlaka ya kuifungisha na kuiandikisha. Wengi wetu tunadhani kuwa aliyefunga ndiye afunguaye, na muhuri ule ule unatosha. Sivyo kwa Tanzania Bara. Anayetaka ndoa ivunjike kisheria hupeleka kwanza mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kueleza hivyo, na kwa hati hiyo shauri huenda mahakamani. Kifungu cha 107 cha sheria hiyo kinaizingatia talaka ya Kiislamu katika kutoa uamuzi, lakini atoaye amri ni mahakama. Ng'ambo ya mkondo huu, Unguja, Muislamu hupeleka shauri lake katika Mahakama ya Kadhi, ambayo ni mahakama ya dola. Sisi wa huku njia yetu ni hiyo ya baraza na Mahakama ya Mwanzo.

Kwa hiyo binti wetu alikuwa katika hali ya ajabu. Kwa mujibu wa dini, kama masheikh wetu walivyotuthibitishia, ndoa yake ya kwanza ilikwisha zamani. Katika daftari la serikali ilikuwa ingali hai.

Ilibidi afunguliwe shauri, naye yuko mbali. Nikaenda Mlingotini kumtafuta yule mvuvi. Nilikwenda kwa haya, maana nilikuwa najiuliza nina haki gani kwake. Nilimkuta ufukweni anatengeneza nyavu. Ana mke sasa na watoto watatu. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka shazia chini, akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, basi mimi ndiye wa kuimalizia." Kijana huyo alikwenda kwenye baraza, akaenda mahakamani, akaitwa tena na tena, na kila siku aliyoitwa ilikuwa ni siku asiyokwenda baharini. Hakudai hata nauli. Nilipomshukuru aliniambia kuwa tumefundishwa tukikaa tukae kwa wema, na tukiachana tuachane kwa wema. Naye zamani aliachana kwa haraka tu, wema ndio kwanza ameutimiza.

Amri ya mahakama ilitoka. Imeandikwa kwa Kiswahili, hivyo ikafanyiwa tafsiri, na mfasiri akaweka tamko lake kuwa anazimudu lugha zote mbili. Lakini tarehe yake ilikuwa ya baada ya ndoa ya Ohio. Wakili wao akawaeleza kuwa kwa sheria ya kule mtu hawezi kuoa au kuolewa wakati ndoa ya awali ingali hai kisheria. Ikawabidi wachukue leseni upya, waoane upya mbele ya serikali, wajaze fomu upya na walipe ada upya. Ukweli ule ulimgharimu mpwa wangu zaidi ya mwaka mzima na akiba yote ya mumewe. Nasema hivi ili asije mtu akadhani kuwa kusema kweli ni njia ya mkato.

Mahojiano ya pili hayakufika nusu saa. Ofisa safari hii alikuwa mwanamume. Alimuuliza mume mahari aliyotoa ilikuwa nini. Akajibu, "Msahafu na cherehani, na hiyo cherehani iko karibu na dirisha la chumbani, hainiachi nilale." Ofisa akacheka, akaandika. Amepewa kadi ya miaka miwili yenye masharti, kama wapewavyo wote ambao ndoa yao haijafikisha miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha watawasilisha ombi pamoja, kuthibitisha kuwa bado ni mume na mke.

Utaratibu huo wa miaka miwili Marekani iliuweka mwaka 1986, kwa sababu ya watu wanaooana kwa ajili ya karatasi. Anayepatikana na hatia ya ndoa ya namna hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 250,000, na milango ya kuombewa tena ukaazi humfungia. Lakini kwetu sisi hofu ya jela isiwe hoja ya kwanza. Hadithi ya kwanza katika Sahihi ya Imamu Bukhari, iliyopokewa na Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, yahusu nia. Ndani yake Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, anamtaja mtu anayehama kwa ajili ya mwanamke atakayemuoa, kuwa hijra yake ni kwa kile alichokihamia. Zama hizi tumeipindua: mtu haami ili aoe, anaoa ili ahame. Mwenye kufanya hivyo anamfanya mwanamke au mwanamume wa watu kuwa ngalawa ya kuvukia, na akishafika ng'ambo huiacha ufukweni.

Kwa hayo, nawausia ndugu zangu mambo manne.

Kwanza, wazazi, mkiozesha hakikisheni kuwa anayefungisha ana leseni, kuwa cheti kimeandikwa siku hiyo hiyo na majina yanafanana na yale ya vyeti vya kuzaliwa, na kuwa kumbukumbu zimefika kwa Msajili. Herufi moja ikikosewa Nianjema, huja kuulizwa Ohio.

Pili, na hili ndilo kubwa, talaka nayo iandikishwe. Msidhani jambo hili ni la wasafiri peke yao. Ni wanawake wangapi kuanzia Dunda hadi Saadani wana karatasi ya daftari ndani ya kasha? Mwanamke huyo hawezi kudai sehemu yake katika mali iliyochumwa pamoja, kwa kuwa kuigawa ni kazi ya mahakama inapotoa amri ya talaka. Akifa mume wa zamani au wa sasa, huzuka mabishano ya nani ni mjane wa nani. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara inatuagiza kuandika hata deni, na katika Suratut Talaq inataja kushuhudisha. Ikiwa deni la fedha laandikwa, vipi heshima ya mtu?

Tatu, anayeitwa kwenye mahojiano asikariri majibu. Apange nyaraka zake, asome upya alichoandika kwenye fomu, na swali asilolielewa aombe lirudiwe. Lugha ikimtatiza anaruhusiwa kwenda na mkalimani, na anaruhusiwa kuwa na wakili. Asilolijua aseme hajui.

Nne, muogopeni anayewauzia uongo. Yeye akishapokea chake hatakuwapo siku ya kuinua mkono.

Namalizia kwa dada yangu. Juzi nilimkuta amelitoa kasha lake uani, analianika jua. Ile karatasi ya daftari bado anayo, ameikunja pamoja na nakala ya amri ya mahakama. Nilimuuliza ya nini tena kuitunza. Akanijibu kuwa ana wajukuu wa kike watano kwa mabinti wengine, na kila atakayeolewa atamwonyesha zote mbili.

Tunamuomba Allah azitie baraka ndoa za watoto wetu, waliopo na walio mbali, na azifanye ndimi zetu ziwe za kweli mahali ambapo uongo ungetufaa kwa muda. Amin.

Wabillahi tawfiq.