Mlango Mwembamba wa Alliance

Shule ya wavulana ya Alliance, huko Kikuyu, ilifunguliwa mwezi wa Machi 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti. Chini ya Bwana Carey Francis, aliyeiongoza tangu 1940 hata 1962, vijana wa makabila mbalimbali walikutana humo, na wengi wakafaulu mtihani wa Cambridge.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Katika miaka ya 1950 mtoto alipimwa darasa la nne, kisha darasa la nane. Wengi walioanguka walirudi shambani, ingawa akili walikuwa nazo. Mitihani imebadilika: K.C.P.E. ilianza 1985, ikakoma 2023. Nafasi katika shule hiyo hazijapata kuwatosha wazitakao.

Mzazi na akumbuke kwamba shule ichaguayo watoto hodari huvuna pia alichopanda mwalimu wa kijijini. Basi mwalimu huyo asaidiwe, na mtoto apewe taa na nafasi ya kusoma jioni, mapema, kabla ya siku za kungoja barua ya mwito. Wala asiyeitwa asitupwe: mkulima aliyekosa mvua za masika hupanda tena vuli.